Maji ya Jirani wa Juu

Kila mwaka, tarehe mosi Juni, mdogo wangu wa kike anayeishi Houston, Marekani, hunitumia picha ya meza yake ya jikoni. Juu ya meza pana chupa za maji, tochi, betri, dawa za mumewe, makopo ya maharage na bahasha ya plastiki yenye hati za familia. Siku hiyo ndiyo msimu wa vimbunga vya Atlantiki unafunguliwa rasmi, hadi tarehe 30 Novemba, na yeye aliyeyaona maji ya kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017 hana mzaha na jambo hilo. "Yaya, nanyi mmejipanga?" huniuliza. Mimi wakati huo niko Kolwezi, Kongo, nimejifunika blanketi mbili. Juni kwetu ni kipwa, msimu wa kiangazi: baridi ya usiku inauma, vumbi la malori ya madini limefunika majani ya miembe, na mtaani hakuna anayewaza mvua.

Watu wengine hapa, wakisikia swali la namna hiyo, hucheka. Kolwezi iko juu, zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na bahari yenyewe iko mbali kila upande. Kimbunga Idai kilichopiga Beira mwezi Machi 2019 kiliua watu Msumbiji, Zimbabwe na Malawi, sisi hakikutufikia. Lakini wacheke kidogo tu. Tarehe 13 Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua zaidi ya watu 100 Kinshasa. Tarehe 4 Mei 2023 mito ilishuka na mawe na matope juu ya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, Kivu Kusini, na waliokufa walipita 400. Mvua zile hazikuwa na jina la kimbunga wala hazikufuatwa na satelaiti kwa wiki nzima kabla ya kufika.

Hapo ndipo mimi na mdogo wangu tunapoachana. Kimbunga cha kwao kinaonekana baharini siku kadhaa kabla, televisheni inakitaja jina, wakubwa wa mji wanasema ondokeni au kaeni. Meza yake anaweza kuipanga jioni moja. Kwetu wakala wa hali ya hewa upo, METTELSAT, na taarifa zake zinatoka. Lakini wingu la Januari linajikusanya adhuhuri, saa tisa limekuwa jeusi, saa kumi maji yako mlangoni. Ndani ya saa hizo unaweza kuanua nguo na kuita watoto. Mtaro huchimbi. Kwa hiyo kazi yetu yote ya masika inafanyika kipwa, wakati udongo ni mkavu na akili za watu ziko kwenye mambo mengine, na sehemu kubwa ya kazi hiyo iko nje ya ua.

Nilikulia Musonoi, kambi ya wafanyakazi iliyojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière, baadaye ikawa ya Gécamines. Nyumba zilipangwa mistari, na kila mstari ulikuwa na mtaro wake uliojengwa kwa saruji, ukishuka hadi mtaro mkubwa wa barabara. Walikuwapo watu wa usafi waliopita kukagua. Mama yetu aliwaogopa kuliko polisi, maana walifunua hadi mapipa ya maji kutafuta viluwiluwi vya mbu. Sitaki kuipamba enzi ile. Kambi ilikuwa mahali ambapo kampuni ilijua hata ulichopika, na utaratibu ule ulianza chini ya ukoloni kwa faida ya wakoloni. Kisha Rais Mobutu akatuletea salongo, kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, nayo tuliichukia. Hata hivyo nilikua bila kuona maji yakilala barabarani. Baba alikuwa na desturi ya kutoka nje mvua ikianza, amevaa koti la kazi, akisimama mwisho wa mstari kuangalia mtaro unavyomeza. Hakuwa akiangalia nyumba yetu. Alikuwa akiangalia pale maji yanapotoka kwetu kuingia kwa wengine.

Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, na miaka iliyofuata shaba ya Katanga ikaanguka pamoja nao. Mitaro ya kambi ikabaki bila mwenyewe. Mji uliofumka baadaye, hasa baada ya kobalti kupanda bei na Kolwezi kufanywa makao makuu ya jimbo la Lualaba mwaka 2015, ulifumka kwa lupango: mtu ananunua kipande, anajenga, anazungusha ukuta, basi. Barabara ni nafasi iliyobaki kati ya kuta. Mtaro ni shida ya serikali. Maji ni shida ya aliye chini.

Nilipohamia upande wa bondeni, baada ya kuolewa, nilikuta avenyu nzima iko kwenye vita nisivyovielewa. Nyumba ya kwanza juu ilikuwa imemwaga kifusi uani, ua ukapanda hadi kimo cha magoti. Ya pili ikaona maji yamegeuka kuja kwake, nayo ikaleta kifusi. Ya tatu ikajenga ukuta mzito usio na tundu hata moja. Mbele kidogo palikuwa na kiwanja kikubwa cha kuegesha malori kilichosawazishwa kwa mashine, na njia ya zamani ya maji ikafukiwa chini yake. Kila mwenye lupango alikuwa amejitayarisha vizuri sana kwa masika. Matayarisho hayo yote yalimiminika kwa mama mjane mwishoni kabisa, ambaye hakuwa na hela ya kifusi.

Hesabu yake ni rahisi, na watoto wa darasa la sita ninaowafundisha huifanya ubaoni. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja ya maji. Paa la mabati la mita nane kwa nane lina mita mraba 64. Mvua nzito ya milimita 50, ambayo Januari si ajabu, inateremsha kutoka paa hilo lita 3,200, yaani bidoni 160 za lita 20. Nyumba arobaini za avenyu moja zinatoa lita 128,000 kutoka mapaa peke yake, kabla hujahesabu nyua zilizopigwa saruji ambazo hazinywi hata tone. Zamani sehemu ya maji hayo ilizama ardhini chini ya miti na majani. Sasa yote yanatafuta barabara kwa wakati mmoja.

Usiku mmoja wa Januari ukuta wa nyumba ya tatu ulizuia maji hadi ukashindwa. Tulisikia mshindo, halafu sauti ya mabati, halafu kelele za watu. Maji yalipita kwetu yakifika kwenye kingo za vitanda, mazito, ya rangi ya tofali. Mume wangu alizima swichi kubwa ya umeme kabla hajafanya lolote jingine, na hilo nalisema kwa sababu wengi huanza na televisheni. Tuliwapandisha watoto juu ya meza. Kijana wa jirani alitaka kukimbia kumtoa mama mjane, tukamfunga kamba kiunoni na kumpa fimbo ndefu ya kupimia mbele yake. Watu hudhani maji ya kuua ni yale ya kufika kifuani. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kwa kasi zinatosha kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuondoka na gari dogo. Na Kolwezi chini ya maji panaweza kuwa na shimo: la choo kilichobomoka, la mtaro uliopasuka, au la mtu aliyekuwa akitafuta madini uani mwake. Mama alitoka salama. Nyumba yake ya matofali mabichi ilibaki imesimama usiku kucha, ikaanguka kesho yake mchana, jua limewaka. Ukuta wa udongo unanyonya maji polepole na kuishiwa nguvu baadaye, kwa hiyo mvua ikikoma usirudishe vitanda vya watoto kando yake kwa kuwa tu mbingu zimetulia.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokwisha, chefu wa avenyu aliita mkutano. Nimekaa katika mikutano mingi ya shule na ya kanisa, huo ulikuwa mbaya kuliko yote. Kila mtu alikuja na dawa ya kumaliza tatizo la kwake. Mmoja alipendekeza kuta zote ziongezwe. Mwingine alisema tumsubiri meya. Aliyetuokoa ni mzee fundi, mstaafu, aliyesema hajui maneno ila anaomba twende nje naye. Alichukua mpira mwembamba unaopitisha mwanga, akaujaza maji, ule ambao mafundi huutumia kupima usawa wa ukuta, akaanza nyumba ya juu kabisa na kushuka nao, akipiga vigingi. Baada ya nusu siku kila mtu aliona kwa macho yake kwamba avenyu ilikuwa na mteremko mzuri hadi kwenye kijito, na kwamba palikuwa na pingamizi mbili tu: kona ya lupango ya biashara na kile kiwanja cha malori.

Tulichimba wenyewe. Mtaro mpana juu na mwembamba chini, ukishuka kama sentimita moja kila mita, kwa sababu ukishuka mno maji hukwangua udongo na kufungua korongo, ukishuka kidogo mno mchanga unatuama. Kingo tulizipanda vetiva, nyasi ambayo mizizi yake huenda chini mita mbili na zaidi. Kinshasa wanaitumia kwenye makorongo yao. Mwenye kona alikubali ukuta wake urudi nyuma kidogo kwa sharti kwamba avenyu nzima ilipe matofali, nasi tulilipa. Wenye malori walichukua muda mrefu zaidi, na bomba waliloweka mwishoni ni jembamba kuliko tulilotaka. Kila Septemba tunalizibua. Linaziba kwa vifuko vya maji ya kunywa na mifuko myeusi. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki kwa amri ya Desemba 2017, lakini habari hizo hazijafika kwenye mtaro wetu.

Mtaro haukumaliza maji. Ulifanya yapite nje badala ya kupita chumbani. Hilo ndilo tunaloweza kutegemea, na ni kubwa.

Limebaki suala la maji ya kunywa, na hapa Kolwezi tuko tofauti na karibu kila mji mwingine wa Kongo. Mafuriko popote huchanganya visima na vyoo. Wataalamu husema kisima kikae mita 30 kutoka choo, na kiwe upande wa juu. Katika lupango yenye upana wa mita 15 hesabu hiyo haitoki hata ukilia, na choo cha jirani kiko nyuma ya ukuta wako. Kwa hiyo kisima kikishafunikwa na mafuriko tunakihesabu kuwa choo hadi kisafishwe na kutiwa dawa. Kabla ya Novemba naweka ndani bidoni za maji safi, zenye vifuniko, angalau lita nne kwa kila mtu kwa siku kwa siku tatu, na hizo hazifuliwi nguo. Naweka makaa mahali pakavu palipoinuka, kwa sababu jiko la mbabula bila makaa makavu halichemshi kitu. Naweka sukari na chumvi pia. Kipindupindu kiko kwenye maeneo ya mto Lualaba, huko Bukama na maziwa ya Upemba, tangu miaka mingi, na watu wanasafiri. Mtoto akianza kuharisha maji matupu unamchanganyia lita moja ya maji salama na vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unamnywesha kidogo kidogo njiani mkienda hospitali. Njiani, nimesema. Si badala ya kwenda.

Lakini kuchemsha na dawa ya klorini vinaua vijidudu tu. Shaba, kobalti na asidi havifi. Ukichemsha sana maji yanapungua, vyenyewe vinabaki. Tarehe 18 Februari 2025, upande wa pili wa mpaka, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa Sino-Metals huko Chambishi, Zambia, ulipasuka, asidi ikaingia mto Kafue na mji wa Kitwe ukafungiwa maji ya bomba. Novemba mwaka huohuo maji ya bwawa la kampuni ya CDM yalimwagika katika mitaa ya Lubumbashi, na waziri wa migodi Louis Watum akasimamisha shughuli za kampuni hiyo kwa miezi mitatu. Mtu anayeishi chini ya bwawa la namna hiyo anahitaji kujua jambo moja ambalo mdogo wangu wa Houston hana haja ya kulijua: maji yenye rangi ngeni, au yanayowasha ngozi, au yaliyoacha samaki wamekufa, hayachemshwi. Yanaachwa. Miguu inaoshwa kwa maji mengine, bustani ya matembele hailiwi, na kuku hawaachiliwi humo.

Hata mvua safi ina masharti yake hapa. Miezi yote ya kipwa vumbi la madini linatua juu ya mabati. Mwaka 2018 Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti uliofanywa Kasulo, humuhumu mjini kwetu: wakazi wa mtaa ule uliochimbwa walikuwa na kobalti nyingi zaidi mwilini kuliko wakazi wa mtaa wa jirani, na watoto ndio waliozidi. Vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa njia mojawapo. Kwa hiyo mimi sikingi mvua za Oktoba. Zinaosha paa, nami naziacha ziende. Naanza kukinga Novemba, na hata hapo natoa bomba la pipa dakika za mwanzo za kila mvua. Jirani mmoja huniona mpotevu wa maji ya Mungu. Tumezoeana.

Kasulo yenyewe inanifanya niseme juu ya ardhi. Mwaka 2014 mtu aliyekuwa akichimba kwenye lupango yake alikutana na madini ya kobalti, na muda si mrefu mtaa mzima ulikuwa ukichimba chini ya vyumba, jikoni, hata chini ya vitanda. Mwaka 2017 sehemu yake ilibomolewa na kuzungushiwa ukuta ili uchimbaji uendeshwe na kampuni. Kilichobaki mjini, Kasulo na kwingine, ni mashimo ambayo hakuna mtu mwenye ramani yake. Mvua ikijaza shimo lililoachwa, udongo ulio juu yake hulegea. Kabla ya masika mimi huzunguka nyumba nikitazama nyufa: ule wa zamani usiokua nauacha; ule mpya unaopanda kwa mshazari kutoka kona ya dirisha napiga alama za penseli mwisho wake pamoja na tarehe. Ukipita alama, watoto wanalala kwa dada yangu. Na mwenye nyumba anayechimba usiku nyuma ya ukuta wako hataki kuulizwa, muulize. Ukiona haya, mpeleke chefu wa avenyu akuulizie.

Halafu wavulana. Hakuna orodha ya vimbunga niliyowahi kusoma yenye mstari wa wavulana, lakini nyumba nyingi za Kolwezi zina kijana mmoja au wawili wanaoshuka shimoni. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando, njia ya kuvukia iliyotengenezwa kwa haraka ilianguka na watu wasiopungua 32 wakafa. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba, alisema kuingia pale kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua nyingi na hatari ya maporomoko; taarifa nyingine zilisema wachimbaji walikimbia kwa hofu baada ya askari kufyatua risasi. Nyumbani kwetu ada ya shule na mahindi ya bukari (ugali) ya Januari tunajaribu kuvilipia kipwa, bei ikiwa chini na mashimo yakiwa makavu, ili mtoto wa shemeji yangu asiwe na sababu ya kushuka wiki ya mvua. Hatufanikiwi kila mwaka. Ila naona kuwa gunia la mahindi lililonunuliwa Agosti linamlinda kuliko maombi na makaripio yangu yote, na nimeliweka kwenye matayarisho ya mafuriko bila kusita.

Hati za nyumba ziko ndani ya mfuko wa plastiki, ndani ya kopo la maziwa ya unga, kopo limening'inizwa kwenye boriti. Cheti cha lupango, vyeti vya kuzaliwa, kadi za uchaguzi, risiti za matofali. Nakala ziko kwa ndugu Likasi na kwenye simu ya mdogo wangu Houston. Katika mji ambao nyumba inaweza kuondolewa na maji Januari au na mgodi Juni, karatasi ndiyo inayokufanya uhesabiwe.

Kama unakaa Kolwezi, Likasi au Lubumbashi na unasoma haya kipwa hakijaisha, usianze na tochi. Nenda kwa jirani wa chini, bisha hodi kwa heshima, umwombe akuonyeshe maji ya paa lako yanapita wapi kwake.